Tangi Zima

Kwetu hatukuwa watu wa kuambiana pole. Baba akipiga watu, kaka yangu akipiga kuta, na mimi nikipiga mdomo. Tulikaa Mji wa Kale, nyumba ya orofa moja, kuta nene za mawe ya matumbawe, na ugomvi wetu majirani wameuzoea kama adhana. Kofi la kwanza ninalolikumbuka alilila kaka, siku aliyompa mgeni kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto. Kikombe kiliruka, kahawa ikammwagikia mgeni kanzuni, na baba akasema mkono ule wa chooni asiuone tena ukimpa mtu kitu. Kaka alikuwa mtoto. Hakulia, na baba akamwongeza la pili kwa kutolia.

Alipobaleghe akawa hatulii nyumbani. Alikuwa akitoroka kwa dirisha la sebule ya juu, akikanyaga paa la jirani, huyo baharini kuzamia. Baba akalipigilia mbao dirisha lile kwa misumari mirefu, na tangu siku hiyo sebule yetu ikawa kiza mchana kutwa. Mama akafa tukiwa bado tunawasha taa saa sita za adhuhuri.

Miaka ya tisini ikamkuta kaka fundi wa umeme bandarini Kilindini, ndevu tele, mke hana, na kila baada ya chakula lazima wagombane na baba. Mafahali wawili, zizi moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikipika. Ndipo akaleta tangi. Aliliunda mwenyewe kwa vioo na gundi, likala nusu ya sebule, tukalijaza maji ya bahari kwa madumu hadi kiuno changu kikakatika. Akatia samaki wadogo wa rangi, kisha matumbawe yaliyo hai, aliyopewa na wazamiaji wenzake. Moja lilikuwa la zambarau, limejaa vidole laini vinavyofunguka na kufunga. Hilo ndilo alilolipenda kuliko sisi sote.

Baba alicheka mpaka akakohoa. Alisema mtoto huyu amezaliwa ndani ya matumbawe, analala ndani ya matumbawe, na leo analeta mengine yaliyorowa. Jiwe ni jiwe, alisema. Kaka akamjibu kwamba si jiwe, ni mdudu, ana roho, na chakula chake ni mwanga. Wakashikana mashati kwa neno hilo moja tu, jiwe au mdudu, na mimi nikawamwagia maji ya mchele.

Siku tangi lilipovuja likarowesha msala wa baba, mambo yakaharibika kabisa. Baba aliuchukua mchi wa kutwangia jikoni, akasimama nao mbele ya kioo. "Wallahi," akasema, "siku atakapokufa mdudu wako mmoja mle, nalivunja tangi kwa mchi huu." Kaka naye akamwambia akilivunja, yeye ataondoka, na hatarudi hata kumzika. Nilimjua baba, hakuwahi kuapa bure. Nilimjua na kaka pia. Nyumba ilikuwa imebaki na watu watatu, na mimi nikaanza kuyaombea dua matumbawe.

Nayo yalikuwa yakisinyaa. Sebule kiza, dirisha limepigiliwa, na tyubu moja ya kawaida juu yake ilikuwa sawa na kumpa mwenye njaa harufu ya pilau. Taa za kazi hiyo Mombasa hatukuziona. Kaka akaamua kuzilazimisha tyubu za kawaida zinazouzwa Bondeni. Kila tyubu huwa na choki yake, lile bonge la chuma linaloubana umeme usije ukaiunguza. Yeye akafunga choki mbili kwa tyubu moja, ili ipate umeme mara mbili ya kipimo chake. Zikawa zinawaka weupe wa kuumiza macho, zinavuma, zimekuwa nyeusi ncha zote mbili, na bati lililozishikilia huwezi kuligusa kwa joto. Hazikukaa. Akabadilisha, akabadilisha tena. Nikamwambia anazichapa taa kama alivyochapwa yeye. Hakucheka. Lakini lile la zambarau lilifungua vidole.

Ilikuwa baada ya alasiri. Baba yuko chini, amekaa barazani, na swichi kubwa ya nyumba iko chini ya ngazi, hatua chache nyuma yake. Kaka alikuwa amejiinamia juu ya tangi, mikono imerowa maji ya chumvi, anaikaza tyubu na taa zinawaka, maana kaka alikuwa fundi wa kuwaonya wenzake tu. Tyubu ikapasuka. Vigae na unga wake mweupe vikamwagika majini. Yeye akalidaka bati kwa mkono wa kulia lisianguke, na bati likamshika.

Sijapata kuona mwili wa mtu ukitetemeka vile. Mdomo wazi, sauti haitoki, macho yananitazama mimi. Kutoka chini baba, aliyesikia mpasuko, akapaza sauti, "Tangi vipi huko?"

"Zima!" nikapiga ukelele. "Zima!"

"Alhamdulillahi," akajibu baba, na nikasikia mkeka wa barazani ukilia akijiegemeza tena.

Ya Rabbi! Mimi nilikuwa nikimwamrisha azime umeme. Yeye ameuliza habari za tangi, akapata jawabu, tangi zima, halina ufa. Mtu aliyeapa kulivunja ameketi pale anamshukuru Mungu kwamba limesalimika, na mwanawe anakufa juu ya kichwa chake. Nikapiga kelele zima, zima, zima, naye akaniambia ameshasikia, nimwache apumue.

Mchi ulikuwa umeegemezwa mlangoni mwa jiko, mkavu. Niliunyanyua kwa mikono miwili nikaushusha juu ya mkono wa kaka kwa nguvu zangu zote. Haukuachia. Nikaushusha tena, na mara hii niliusikia mfupa. Kaka akaanguka sakafuni na bati likaning'inia kwa waya wake. Sijutii hata kidogo, na kama ingebidi niuvunje na wa pili ningeuvunja.

Kishindo hicho ndicho kilichompandisha baba. Alichoona ni mimi na mchi, na mwanawe chini. Akanizaba kofi kabla hajauliza. Nikamwambia, damu mdomoni, "Nilikwambia zima, baba." Akanitazama. Akalitazama tangi. Nikaona neno likimwingia polepole, mpaka akashika ukuta.

Hamali mmoja wa Marikiti aliyekuwa akishusha ndizi duka la chini alimbeba kaka kwa mkokoteni hadi penye magari. Nilikwenda naye hospitali, nikakaa hadi walipoufunga mkono plasta na daktari akasema ataishi, ila atalazwa waangalie moyo. Baba hakuja.

Niliporudi, magharibi inakaribia, nikasikia vishindo tangu kichochoroni. Mchi huo, na mbao zinapasuka. Nilipanda ngazi nikimtukana matusi ambayo mtoto hamtukani mzazi, nimeazimia leo tuuane. Nikamkuta ametoka jasho, kanzu imechanika, analivunja dirisha. Mbao za miaka yote zile ziko chini. Tangi liko pale pale.

Asubuhi jua liliingia sebuleni, na katika mwanga ule tukaliona jiwe la zambarau. Vigae vya tyubu vilikuwa vimeliangukia. Vidole vyote vimeyeyuka, limebaki jeupe tupu. Nikamwekea baba chai na mahamri. Akavisukuma.

"Nimefunga," akasema.

Nikamuuliza kafunga nini, Ramadhani iko mbali. Akasema kafara ya kiapo, maana tangi halivunji tena. Kulisha masikini kumi hakujaliwa, basi atafunga siku tatu. Nikataka kumpunguzia. Nikamwambia hana kiapo cha kulipia, hakuna kilichokufa, lile ni jiwe tu, kama alivyosema mwenyewe.

"Lilikuwa na roho," akasema baba. "Limekufa."

Siku ya tatu kaka akaruhusiwa, akafika adhana ya magharibi inaadhiniwa. Alimkuta baba ameketi chini ya dirisha na kikombe cha maji, anangoja. Akaniangalia mimi, nikamweleza kwa sauti ndogo baba amefunga kwa sababu gani. Kaka aliinama kwenye sahani, mkono wa kulia ukiwa umefungwa kifuani, akachukua tende moja kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea baba. Kisha akakumbuka, nikaona bega lake likijikunja kusubiri.

Baba aliipokea tende, akasema bismillahi, akala.