Mashati ya Tarangire

Wazo la kwenda kuwaona tembo lilitujia hospitalini, mahali pasipofaa kabisa kupangia matembezi. Mama yake rafiki yangu alikuwa amelazwa Singida mjini, nami nilifunga kibanda changu cha ushonaji pale Iguguno nikaenda kumsaidia kuuguza. Asubuhi yeye alikwenda ofisini, mimi nikabaki na mgonjwa. Jioni alirudi kunipokea, nikaenda kuoga na kulala kwake. Kwenye ukumbi wa kusubiria kulikuwa na televisheni, na siku moja walionyesha tembo wa hifadhi ya Tarangire wakati wa kiangazi. Walikuwa wakichimba mchanga wa mto kwa miguu na mikonga hadi maji yakatokea, na watoto wao wamesimama nyuma wakingoja.

"Kama sisi Kinyangiri," rafiki yangu akasema.

Kweli tulikuwa hivyo. Tumekulia Kinyangiri, kati ya nyumba yao na yetu kukiwa na zizi tu, na kila kiangazi tulifukua mchanga wa korongo pamoja na mama zetu, tukasubiri maji yajikusanye tuyachote kwa kata.

"Mama akipona, twende tukawaone," akasema.

Mama hakupona. Tulipomaliza arobaini, rafiki yangu alinipigia simu akasema twende hivyo hivyo, sisi wawili, tuwe kama tunamsindikiza.

Kupanga nikapanga mimi, kwa sababu yeye ofisini hana nafasi na mimi kwenye cherehani mikono ndiyo inashughulika, masikio yako wazi. Mteja wangu mmoja alinipa namba ya dereva wa Babati anayepeleka watu hifadhini. Nilimpigia mara nyingi hadi nikamwonea haya. Akanifundisha kwamba wakati mzuri ni kiangazi, nyasi zikiwa zimelala na wanyama wanaufuata mto. Tulale Babati ili tuwe getini alfajiri. Tubebe vitambulisho, maana mwananchi halipi sawa na mgeni. Chakula tusikiache wazi, tumbili wa pale wanakijua kikapu kuliko mwenye kikapu. Nguo nyeusi na za bluu tusivae, mbung'o wanazipenda.

Kila nilichoambiwa, hata namba ya dereva, nilimpelekea rafiki yangu jioni hiyo hiyo, na yeye alicheka kwenye simu akasema, "Wewe ungekuwa na kampuni." Tukakubaliana Septemba, alizeti zikiwa zimeshauzwa. Kuku wa kuchoma ningeleta mimi, chapati yeye.

Kwa ajili ya hao mbung'o nilishona mashati mawili ya rangi ya udongo, mikono mirefu, mifuko miwili kifuani. Nilimtumia lake kwa basi. Siku chache baadaye akanipigia.

"Wenzangu ofisini wameliona shati, wamelipenda. Tuna sherehe yetu ndogo. Nishonee mengine kama lile, nitakutumia vipimo."

Niliona fahari. Niliyashona kwa uangalifu kuliko nguo za maharusi. Moja lilikuwa la mama mnene wa mabega, nikalifumua mkono mara mbili mpaka ukakaa. Malipo alituma vizuri, na shukrani juu.

Agosti ilipokaribia kuisha nilimpigia dereva ili tuthibitishe.

"Shikamoo mama," akasema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba. Mgonjwa gani?"

"Si mwenzako alisema umebaki unauguza? Nikasema pole yake, mama wa watu alivyohangaika kuuliza kila kitu, halafu safari ameikosa."

Nilimuuliza safari gani. Akanieleza bila kujua anachonieleza. Walikwenda wiki iliyopita, gari limejaa, akina mama wachangamfu, na tembo waliwaona wengi mpaka mmoja akawazibia njia. "Ngoja nikutumie picha ufurahi," akasema.

Picha ikaingia. Walikuwa wamesimama mbele ya gari wameshikana viuno, wote ndani ya mashati yangu. Rafiki yangu alikuwa katikati. Nyuma yao mto, upana wa mchanga, na vitu vya kijivu kwa mbali. Yule wa mabega nilimtambua kabla sijaiangalia sura yake, kwa jinsi mkono ulivyokaa.

Mume wangu nilimwonyesha jioni. Aliitazama sana, akanirudishia simu.

"Labda kuna maelezo," akasema.

"Labda," nikasema.

Sikumpigia rafiki yangu. Nilitaka nione atafanya nini. Alipiga yeye, akazungumza habari za mvua na bei ya alizeti, nami nikamjibu habari za mvua na bei ya alizeti. Nilipomwambia kwamba dereva amenitumia picha, akasema atakuja.

Alikuja Jumamosi, amebeba mkate na sukari kama mtu anayekwenda kutazama mgonjwa. Aliketi kwenye benchi la wateja. Mimi na yeye tangu utoto tunaongea Kinyiramba, hata akiwa na wageni wa ofisini huninong'oneza kwa Kinyiramba. Siku hiyo alianza kwa Kiswahili.

"Nisamehe, dada. Mambo yalikwenda haraka. Nafasi kwenye gari zilikuwa zimejaa."

"Gari niliita mimi," nikamwambia.

Akaangalia mikono yake. "Mkubwa wangu wa kazi alisikia nikizungumzia safari, akasema naye anakuja. Wengine wakafuata. Ningewaambiaje hapana?"

"Sijakuuliza kwa nini wao walikwenda. Nauliza kwa nini mimi sikwenda."

Ndipo akarudi kwenye Kinyiramba, na huko hajui kupamba maneno.

"Wale wana mazungumzo yao. Niliona utakaa kimya siku nzima, na mimi nitakuwa nahangaika na wewe badala ya kufurahi. Nilitaka siku moja nisiwe mtu wa Kinyangiri."

Ningeweza kumkumbusha hospitali, beseni la mama yake nililolimwaga, nguo nilizofua. Sikumkumbusha. Aliyajua yote hayo alipokuwa ananitajia vipimo vya wenzake, na sherehe ile ya uongo aliitunga kwa sauti ileile aliyonililia nayo msibani. Hicho ndicho kilichoniuma. Kuniacha tu ningeweza kuvumilia. Lakini alinishonesha nguo za safari yangu mwenyewe, nikiwa nafurahi.

"Na mgonjwa niliyekuwa namuuguza ni nani?" nikauliza.

Akalia kidogo. Nilimpa maji, kwa sababu alikuwa ametoka mbali na jua lilikuwa kali, nikamsindikiza mpaka barabarani akapata gari.

Mume wangu alisema Septemba twende sisi wawili, dereva si yupo. Nilimshukuru nikakataa. Sikutaka kusimama pale nikiwaza walisimama wapi wao.

Hatujagombana. Tukikutana msibani tunasalimiana, tunamenya ndizi kwenye sufuria moja, watu hawajui kitu. Ila mwaka huu binti yangu alichaguliwa kwenda kidato cha tano, na habari iliponifikia nilikuwa peke yangu kibandani. Nilishika simu, kidole kikaenda chenyewe kwenye jina lake, kwa sababu kwa miaka yote habari njema zangu zilianzia kwake. Alikuwa na namna yake ya kupiga vigelegele hadi mtu wa pembeni anasikia.

Nikaiweka simu chini. Jioni nilimweleza mume wangu. Alifurahi kweli, akamwita binti akampa mkono, kisha akaenda kufunga mbuzi.