Waliulizwa wanaume, rweya yetu ikaandikwa kuwa tupu

Vijana mtakaosoma hapa, marahaba. Najua hamjanisalimia, ila nimeitikia kabisa ili tuendelee.

Mjukuu wangu Anasia anasema humu mnaitana wakuu. Haya, wakuu. Mimi misheni niliishia darasa la pili, kwa hiyo herufi zikipotea mtazitafuta wenyewe. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Anasia yuko chuo. Juzi alikuwa anakariri njia za kukusanya data: hojaji, usaili, majadiliano ya kikundi, ushuhudiaji. Nikamwambia hayo majina siyajui, lakini mtu wa kazi hiyo nimewahi kumpikia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nimeolewa Isingiro, hata mwaka sijamaliza.

Kwetu kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, ni la mwanaume. Mwanamke analima chake juu kwenye rweya, ule uwanda wa majani mlimani. Mama mkwe alinikatia kipande huko, nikapanda njugu mawe. Kilikuwa kitu changu cha kwanza ambacho sikumwomba mtu.

Njugu zikiwa zinatoa maua, akaja karani kutoka Bukoba. Alitumwa kuuliza watu wanatumiaje ardhi, kwa sababu wakubwa walikuwa wanatafuta malisho ya ng'ombe.

Mkungu, ndiye mkuu wa kijiji, akaita mkutano. Wanaume mbele kwenye viti, sisi nyuma kwenye majani.

Karani akauliza, "Kule rweya kuna nini?"

Baba mkwe akasema, "Majani."

"Hakuna anayelima?"

"Sisi hapa tunakula ndizi, kijana. Anayekula vitu vya rweya ni yule migomba imemkataa."

Wanaume wakacheka. Mume wangu naye alicheka, na asubuhi ile alikuwa amekula njugu nilizokopa kwa jirani, sahani nzima.

Msiwaone waongo. Kwetu mwanaume kusema mbele za watu kwamba nyumba yake inasaidiwa na rweya ni kama kuvua nguo. Mbele ya mgeni ndiyo kabisa.

Karani akauliza, "Na akina mama?"

Mkungu akajibu, "Wamesikia."

Karani akaandika. Kisha akatusomea: rweya ni tupu, ng'ombe wanaweza kuletwa.

Nilirudi nyumbani nalia. Ng'ombe wakiingia njugu zikiwa bado maua, sivuni hata punje. Mama mkwe akaniambia, "Machozi hayapalilii. Chemsha ndizi."

Karani alikuwa amefikia kwetu. Kesho yake mchana mama mkwe akamwandalia ndizi zilizochanganywa na njugu mawe. Akala, akaongezwa, akala tena.

Mama mkwe akamuuliza, "Mwanangu, mama yako yu hai?"

"Yupo, mama."

"Alikuwa anakulisha nini mpaka ukawa mrefu hivi?"

Akaangalia sahani. "Ndizi," akasema. Halafu akasema, "Na njugu zake za rweya."

"Basi ulipouliza jana ulikuwa unamuuliza nani?"

Asubuhi iliyofuata tulimkuta mlangoni, suruali ameikunja, anaomba jembe.

Wakuu, alikuwa hajui kupalilia. Aling'oa njugu za jirani yangu akidhani ni magugu. Yule mama akamwambia, "Wewe shika kalamu, jembe litakuua." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu hapo watu wakaanza kusema.

Alikaa nasi siku kadhaa, sikumbuki ngapi. Aliongea na mmoja mmoja, pembeni, tukipalilia. Kisha akatukusanya wanawake peke yetu. Hapo ndipo tulipobishana, huyu anasema mpaka wangu unaishia kwenye kichuguu, yule anasema unapita. Mwisho akatembea na sisi shamba kwa shamba. Kila mtu alisimama kwenye lake, yeye anachora.

Mimi nilisema machache. Nilimwonyesha tu maua.

Akarudi mkutanoni, akawasomea wanaume alichochora. Niliogopa, maana baba mkwe alikuwa mkali.

Akauliza, "Nani amekwambia haya?"

Karani akasema, "Majina ya waliosema sijaandika, mzee, na sitayataja. Nimeandika mashamba. Ukitaka twende tukayaone."

Baba mkwe akamwangalia mama mkwe. Mama mkwe akaangalia mlima.

"Na hizo njugu umekula?" mzee akamuuliza karani.

"Nimekula."

"Nyumbani kwangu?"

"Nyumbani kwako."

Mzee akakuna kidevu. "Basi andika. Mtu hawezi kula akasema ni majani."

Malisho yalipelekwa upande wa pili wa mlima, kwenye mawe. Mimi nilivuna vikapu viwili, na njugu za mbegu nikabakiza. Kipande kile wake za wanangu wamekilima, na mpaka leo hakijapumzika.

Sasa nyinyi wenye vishikwambi mnaokuja huku Kyerwa na Karagwe. Mnapiga hodi, mnauliza mkuu wa kaya yuko wapi, anajibu yeye, mnaondoka. Yule karani hakuwa na akili kuliko nyinyi. Alikubali tu kwamba jibu la kwanza alipewa la mkutanoni, akakaa hadi apate la shambani. Na aliyemwambia hakumchongea. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inaokoa watu, ndiyo maana nimefurahi Anasia anaisoma.

Aliyewahi kuulizwa vibaya, au kuuliza vibaya, aandike hapa chini. Nitasomewa yote. Matusi Anasia atayaruka.

Mwezi uliopita alikuja mmoja hapa, mwanangu akamjibu maswali yote hadi ya uzazi. Mgeni alipoondoka niliwaita wote uani nikawaambia: kuanzia leo, mwenye maswali akija, apewe chakula, apelekwe shambani, na hakuna mwanaume wa nyumba hii atakayefungua mdomo kabla mke wake hajamaliza kusema.