Picha ya Kumhakikishia Mdogo Wangu Kwamba Sijafa

Mdogo wangu wa Bukavu alikuwa ameshaanza kunililia. Kisa ni mjukuu wangu: alimtumia picha yangu ya simu, lakini kwanza akaisuguasugua kwa kidole mpaka mikunjo yote ikaisha, nikatoka laini kama yai la kuchemsha.

Mdogo wangu akapiga: "Huyu si yaya, si dada yangu mkubwa! Yaya wangu alikufa, munanificha!"

Nikamuongelesha mwenyewe. Akasema siku hizi hata sauti mashine zinaigiza. Matanga ni Jumamosi.

Eish!

Sasa huyo mjukuu anasomea mambo ya picha. Akanionyesha wakuu wa Wayute, watu wa asili wa Amerika, walivyopigwa picha studio zamani sana: mashati ya ngozi yenye shanga, manyoya, nyuma yao milima ya kuchorwa kwenye kitambaa. Hakuna anayecheka.

"Koko, ona huzuni yao."

Huzuni gani? Si yeye mwenyewe aliniambia kamera ya zamani ilikuwa ya polepole, unaganda muda mrefu, ukitikisika unatoka na vichwa viwili? Wewe ungemchekea muda wote huo mzungu aliyejificha ndani ya kitambaa cheusi? Nikamwambia nataka picha kama hiyo. Milima ni ya uongo, lakini uso ni wa mwenyewe.

Nikavaa kikwembe, kitenge changu cha sikukuu, kilemba, shanga za mama, nikashuka mtaani Jules Street, huku ugenini. Mpiga picha ni Mtanzania, kutwa anapiga picha za karatasi za ukimbizi.

"Shikamoo bibi. Vua kilemba, toa shanga, masikio yaonekane."

"Nikivua kimoja tu, utanioa!"

Akacheka, akapiga. Zikatoka picha nane, vichwa tu, kila kimoja kama kidole gumba. Kikwembe hakuna!

"Samahani bibi, mkono umezoea."

"Rudi nyuma! Rudi mpaka barabarani!"

Akarudi mpaka mlangoni. Nikashika kiti, nikanuna kama mkuu wa Wayute.

Mdogo wangu alipoipata alipiga palepale. Kicheko.

"Yaya, uko na hasira na nani? Ndiyo weye! Huo mdomo ndio ulikuwa unanifukuza jikoni."

"Na matanga?"

"Watu nilishaalika."

"Basi wakuje, wakule. Uwaambie marehemu amekataa."