Aliyetoboa Joho la Himid

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nane. La, wa kumi na tisa, maana Himid alikuwa keshafunga duka lake la vitambaa pale Bagamoyo, yupo nyumbani tu anamsumbua mkewe Mayasa.

Ukoo wao una joho la sufu nyeusi, la babu, na bwana harusi yeyote wa mtaani huliazima. Mwaka ule aliliazima Shuaibu seremala, sahibu wa Himid tangu chuoni, amvishe mwanawe. Liliporudi, Mayasa akalifukiza udi, akalitia sandukuni. Walipokuja kulifungua, matundu matupu!

"Shuaibu kalitoboa kwa sigara!" Himid akaapa. Salamu zikakatika. Hata Ijumaa akawa anaswali safu ya nyuma, makusudi wasionane.

Sasa, nyumba ile ni ya mawe ya kale, na chokaa yake hudondoka. Mayasa alizoea kufagia vijipande vya kijivu, bapa kama mbegu za boga. Asubuhi moja kijipande kikatembea.

"Bwana wee! Chokaa inapanda ukuta!"

"Umelala wewe."

"Njoo utazame, basi!"

Himid akavaa miwani. Kikachungulia kichwa kidogo, kikaburura nyumba yake, kikajificha. Nyumba yenyewe ni mchanga ulioshikizwa kwa utando, na kati ya mchanga mna mshipi wa nyuzi nyeusi. Sufu ya joho!

Kumbe kiwavi! Wakamtia chupani na kipande cha sufu, wakafunga mdomo kwa kitambaa chepesi cha shashi. Kiwavi akala, akarefusha nyumba, kisha akajifungia, kimya. Mayasa akamhesabu maiti. Kumbe! Siku moja wakamkuta nondo mdogo wa kijivu, ambaye akitua ukutani humwoni.

"Mama yake alitaga mikunjoni," Mayasa akacheka, "nasi tukamfukizia udi kama bwana harusi!"

Himid akaibeba chupa mpaka kwa Shuaibu.

"Mwizi wangu huyu hapa. Nisamehe, ndugu yangu."

"Himid, mimi sigara sivuti. Tangu lini navuta?"

"Hasira zangu ndizo zilizovuta."

Shuaibu akacheka mpaka akashika mbavu. "Nimekusamehe. Lakini mjukuu wangu ataolea joho lilo hilo, na matundu yake!"

Kahawa ikaja, Himid akamsimulia. Kifuko kile cha kiwavi kina milango miwili; leo kichwa hutokea huku, kesho kule. Akamuuliza Shuaibu, akauliza barazani, akamuuliza na mwalimu mmoja wa Mapinga, na hakuna aliyemjibu: nyumba nyembamba vile, mwenyewe hugeukia wapi?