Plagi za Kishindo

Mtaani walimwita Kishindo, na jina lenyewe lilikuwa utani, kwa sababu mwenye jina hakusikia kishindo cha aina yoyote. Homa ilimpitia utotoni, kabla hajaanza shule, ikamwacha mzima wa kila kitu isipokuwa masikio. Jina alilipata ukubwani, siku alipoingia mtaani na gari la marehemu mjomba wake, gari la buluu lenye viti viwili tu, limelala chini karibu kugusa lami, mngurumo wake unaamsha vichanga. Watu walitoka milangoni kutazama.

"Kumbe ni yule bwana kiziwi!" jirani mmoja alisema.

"Basi huyo ndiye Kishindo," akadakia mwingine.

Mkewe alipomtafsiria kwa mikono, alicheka mpaka akashika mbavu. Jina likabaki.

Gari hilo hakulitafuta. Mjomba alirudi nalo kutoka ughaibuni, akalipenda kuliko alivyopenda watu wengi, kisha akafariki. Ndugu walikaa kikao. Kila mmoja alilizunguka, akalitia kasoro: halibebi godoro, halibebi mgonjwa, halibebi hata mbuzi. Mpwa kiziwi alikuwa amekaa pembeni, hajui wanabishania nini. Mwishowe shangazi mmoja akachoka, akamtia funguo mkononi, kikao kikafungwa.

Kazi yake ilikuwa uchapaji. Alisimamia mashine kubwa iliyotoa vitabu vya shule na mabango ya mikutano, katika jengo ambalo kelele yake iliwafanya wenzake wazibe masikio na kupigiana ukelele kutwa nzima. Yeye alikuwa akiweka kiganja ubavuni mwa mashine na kujua kama rola ya karatasi imelegea. Wenzake wakitaka kumwita walipiga kisigino kwenye sakafu ya mbao, naye akageuka.

Kwa hiyo gari lilimfaa kwa namna ambayo ndugu zake hawakuiwaza. Injini yake haikuwa mbele kama magari mengi. Ilikaa katikati, mara tu baada ya viti, ukuta mwembamba ukiitenga na mgongo wa dereva. Mtu mwingine angeisikia, yeye aliivaa. Alibadili gia kwa kufuata mbavu zake, na hakuwahi kukosea.

Asubuhi moja, akipanda kilima cha kwenda kazini, mgongo ukamwambia kuna kitu. Injini ilikuwa ikichechemea. Kwenye tambarare ilitulia, mlimani ikarudia. Wiki ikapita, na kuchechemea kukazidi. Alikuwa amesoma vya kutosha kuhusu magari kujua pa kuanzia: plagi, vile vijiti vyenye kauri nyeupe vinavyotoa cheche ya kuwasha petroli. Jumamosi akamchukua mkewe wakaenda gereji.

Mkewe alikuwa mpokea wagonjwa kwenye zahanati ya meno. Hapo ndipo walipokutana, Kishindo kavimba shavu kama ameficha limau, mkewe wa baadaye akimwandikia nyuma ya kadi: *Linauma wapi?* Aliyeandikiwa akanyoosha kidole kwenye lile shavu, wote wawili wakashindwa kujizuia. Lugha ya alama mke alijifunza wakati wa uchumba, na tangu ndoa ikawa kazi yake ya pili. Simu zote za ukoo wa mume zilipitia kwake. Benki, mwenye nyumba, mafundi bomba, wote waliongea naye.

Na fundi wa gereji naye vilevile.

"Mwambie awashe," alisema. Gari likawashwa. Fundi akainama, akatega sikio, akainuka. "Mwambie injini haina neno. Inaimba. Sijaisikia ikikosa hata mara moja."

Mke akatafsiri. Kishindo akajibu kwa mikono, naye akatoa sauti: "Anasema ikiwa imesimama haikosi. Inakosa ikipanda mlima. Anaomba ukae kitini, mpande naye ujionee."

Fundi akacheka, wala si kwa ubaya. "Sasa shemeji, huyu hasikii. Amejuaje kwamba inakosa?"

Mikono ya mke haikutafsiri hilo. "Muulize mwenyewe," alisema. "Si huyo hapo mbele yako?"

"Nitamuulizaje?"

"Sijui." Akachukua mkoba wake, akatoka nje, akakaa kwenye benchi la wateja.

Wanaume wakabaki wanatazamana. Fundi akafanya kama wengi wanavyofanya: akapaza sauti na kupanua mdomo. Kishindo akaandika kwenye simu neno moja, *plagi*, akamwonyesha. Fundi akatikisa kichwa, akachora hewani namna injini nzima itakavyoshushwa chini ili zile plagi za upande wa mbele zifikiwe, na gari litakavyolala pale siku kadhaa. Kishindo akampa mkono, akaondoka na gari lake.

Njiani hawakuongea, dereva hawezi kutazama barabara na mikono ya mkewe kwa wakati mmoja. Sebuleni ndipo alipogeuka.

"Uliniacha."

"Nilichoka."

"Umechoka na nini?"

Mke akavuta pumzi, mikono ikaanza kueleza, na kabla haijafika mbali Kishindo akafumba macho. Ndani ya nyumba ile huko kulikuwa sawa na kubamiza mlango. Alipoyafumbua, mkewe alikuwa jikoni anasugua sufuria iliyokuwa safi.

Wiki hiyo walipeana chumvi na funguo, basi. Jioni Kishindo alitazama video za mtu fulani wa mbali akibadilisha plagi kwenye gari la aina ile ile. Yule mtu alikuwa na maneno mengi, lakini mikono yake ilieleza yote. Injini ilikuwa na plagi sita. Tatu zilielekea nyuma, rahisi kufikiwa na yeyote mwenye spana. Tatu zilielekea mbele, zimebanwa na ule ukuta wa nyuma ya viti, na hizo mtu huzifungua kwa kupapasa. Injini haikushushwa. Alirudia video mpaka akaikariri.

Alichomoa plagi moja ya nyuma, akaifunga kwenye leso, akaenda nayo duka la vipuri, akaiweka juu ya kaunta na kuonyesha vidole sita. Muuzaji akasoma namba iliyopigwa kwenye kauri, akaleta sita. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Kishindo alirudi nyumbani ameridhika, akairudisha ile ya zamani mahali pake, na kwa kiasi fulani alitamani mkewe angekuwepo aone jinsi alivyokuwa hahitajiki.

Jumapili, baada ya chai, alifungua mfuniko wa injini. Gari lilikuwa limelala tangu jana yake, chuma kimepoa. Alipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, lisije likadondokea kwenye matundu. Akafungua boliti za koili, vile vikofia vinavyoipa kila plagi umeme wake, akazivuta moja moja. Plagi tatu za nyuma zilitoka bila ubishi: kijivu, kavu, zimechakaa lakini hazina ila. Akafunga mpya.

Kisha akahamia za mbele. Mkono uliingia mpaka kwenye kiwiko, na kichwa chake mwenyewe kikaziba mwanga. Hata mchana ule pale ndani palikuwa giza totoro. Alijaribu kung'ata simu yenye tochi. Mate yakamtiririka, simu ikamponyoka ikanasa kati ya mabomba. Alikuwa anaipapasa alipoona viatu vya mkewe kando yake. Mke alikuwa amemtazama kupitia dirisha la jikoni kwa muda, kisha akaja bila kuitwa, tochi ya nyumbani mkononi, wakaiopoa simu.

Hapo wakakutana na shida ambayo hakuna video iliyoitaja. Mikono ya mume ikiwa ndani ya injini na ya mke imeshika tochi, wote wawili ni mabubu.

"Nikikanyaga chini mara moja, sogeza taa kulia," alisema mume kabla ya kuinama. "Mara mbili, kushoto."

"Na mimi nikitaka kusema?"

"Nipige mgongoni."

Akainama. Koili ya kwanza ikatoka. Spana yenye shina refu ikashuka kwenye tundu, ikauma, ikagoma, kisha ikaachia kwa mtikisiko alioupata begani. Plagi mpya aliichomeka kwenye kipande cha mpira wa bomba, akaishusha, akaizungusha kwa ncha za vidole. Mpira unasaidia: plagi ikiingia upande, unateleza wenyewe, na nyuzi za skrubu ndani ya tundu haziharibiki. Ikaingia vizuri. Alipokuwa anarudisha koili, boliti yake moja ikamponyoka. Papo hapo mkewe akampiga mgongoni, karibu na bega la kulia, maana upande huo ndiko alikosikia ikigonga. Walitafuta, walimulika, walitikisa gari. Haikuonekana, na haijaonekana mpaka leo.

Kwenye plagi ya kati, mwanga ulianza kucheza.

Alikanyaga, mwanga ukasogea, ukatulia, ukaanza tena. Haukuwa mtetemo wa mkono uliochoka. Ulikwenda kwa vipande: unarukaruka, unasita, unaruka tena kwa nguvu. Kishindo aliutambua. Mkewe hajawahi kuongea na mikono imetulia, hata kwenye simu, hata na mtu asiyemwona. Alikuwa anaongea. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine pale, alikuwa anaongea na mgongo wake.

Hakuweza kugeuka. Plagi mpya ilikuwa imeanza kushika, na kuiacha hapo kungekuwa kubahatisha. Akaendelea, nusu mzunguko baada ya nusu mzunguko, huku mwanga ukisema yake juu ya mabomba. Ulisema kwa muda mrefu. Akakaza ile ya kati, akahamia ya mwisho, na bado ulikuwa unasema. Kuna wakati ulishuka kabisa ukamulika sakafu, akabaki gizani akingoja bila kukanyaga, mpaka ukarudi wenyewe.

Alipomaliza aliinuka, akajinyoosha, akafuta mikono kwa kitambaa. Akamwonyesha plagi kuukuu ya kati. Kauri yake ilikuwa na ufa mwembamba mweusi, mrefu kama ukucha.

"Ndiyo hii," alisema. Kisha: "Ulikuwa unaongea."

"Nilikuwa naongea."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Nilijibu nini?"

"Hukubisha hata kidogo."

"Nilikubali?"

"Ulikubali yote."

Kishindo akacheka kwa sauti yake nzito asiyoijua. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari. "Rudia," alisema. "Sifumbi macho."

Mke akaweka tochi juu ya paa. Alianza taratibu, kama mtu anayepanga vyombo. Alisema hajawahi kwenda naye popote akiwa mke tu. Harusini chakula kinapoa mbele yake kwa sababu mikono ina kazi. Yule fundi alimwita shemeji, akaongea naye kana kwamba mume ni mzigo alioupeleka kupimwa.

"Na msiba wa mjomba wako," alisema. "Nilitafsiri hotuba zote, za ndugu, za majirani, za kazini kwake. Nilimpenda yule mzee. Kila mtu alilia. Mimi sikupata nafasi, nilikuwa nakutazama wewe kama umeelewa."

Kishindo alitazama vidole vyake vilivyojaa grisi. "Sikujua hilo la msiba."

"Ungejuaje? Nikianza kusema unazima taa."

Jirani alipita na ndoo, akawapungia, wakampungia.

"Basi tufanyeje?" aliuliza mume.

"Gereji, benki, maduka, nenda mwenyewe. Watakuelewa vibaya. Na wewe utawaelewa vibaya. Mimi pale zahanati naeleweka vibaya kila siku, na nasikia vizuri tu."

"Na misiba?"

"Misiba tutafute mtu mwingine wa kutafsiri. Mimi nikae kitini nilie."

Akafikiri, akaitikia kwa kichwa. Hakuomba radhi, mkewe naye hakuingoja. Wakafunga mfuniko.

Alasiri walipanda kile kilima pamoja. Kishindo alikanyaga mafuta katikati ya mwinuko, pale hasa ilipokuwa ikichechemea, na mgongoni kwake pakawa sawasawa, kitu kimoja kisichokatika. Mkewe alimtazama usoni kwa swali. Akainua kidole gumba kutoka kwenye usukani, akakirudisha.

Wiki iliyofuata alikwenda gereji peke yake kutafuta boliti. Fundi alipaza sauti vilevile, akapanua mdomo vilevile, lakini alifukua kopo lake mpaka akapata inayoingia. Plagi yenye ufa Kishindo hakumwonyesha, maana alikuwa ameisahau nyumbani.

Baada ya hapo akaenda kupimwa macho, maana vitu vya mbali vilikuwa vimeanza kumfifia, napo peke yake. Alikaa kule asubuhi nzima, akiandika na kuandikiwa, akionyesha na kuonyeshwa. Miwani ilipokuwa tayari alikwenda kuichukua. Fremu ilikuwa nyekundu, nyekundu ya kiatu cha mtoto wa kike. Mkewe aliiona akaziba mdomo kwa viganja.

"Uliichagua?"

"Nilimwonyesha muuzaji kikaratasi cha bei kwenye boksi jekundu, yeye akadhani nachagua rangi."

"Utairudisha?"

Kishindo aliivaa, akajitazama kwenye kioo cha ukutani, upande mmoja, upande wa pili. Ilikuwa imemkaa vizuri puani. "Naona mbali," alisema, na Jumatatu akaenda nayo kiwandani, ambako wenzake walikanyaga sakafu kwa visigino mmoja baada ya mwingine, ili ageuke wamwone.