Mzunguko wa Maji kwa Mahadhi ya Unyago

Mwaka 2018, masika, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mjane wa miaka sita, mwalimu wa sayansi wa darasa la nne katika shule ya msingi isiyo mbali na viwanja vya Mnazi Mmoja. Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na miaka thelathini na sita, katika masomo ya jioni. Cheti cha ualimu nilikipata nikiwa na arobaini na moja. Naitaja miaka hii kwa sababu kazi hiyo niliifikia kwa kuchelewa, na kwa siku ishirini za masika yale niliamini kwamba ninaipoteza.

Kosa nililifanya Jumatatu, tarehe 16 Aprili. Darasani mlikuwa na watoto themanini na wanne na vitabu sita. Mvua ilipiga bati hata sauti yangu haikufika madawati ya nyuma, na mada ya siku ilikuwa mzunguko wa maji. Nikaweka chaki chini, nikaimba maneno niliyoyatunga mwenyewe:

Jua likiwaka, maji yapanda,
Mvuke wapoa, wingu latanda,
Mvua ikinya, mito yaenda:
Yapanda, yashuka, hayapotei.

Maneno yalikuwa yangu. Mahadhi hayakuwa yangu. Yalikuwa ya wimbo wa unyago tuliofundwa kwetu kusini mwaka 1980, wasichana tisa ndani ya chumba kilichofungwa, tukaapishwa kwamba hautatoka nje wala hautafika masikioni mwa mwanamume. Nilikitunza kiapo hicho. Lakini nilipokuwa nikisoma ukubwani, kichwa changu hakikushika kitu ila kile nilichokipitisha kimoyomoyo katika mahadhi yale. Mishipa ya damu, sumaku, tabaka za udongo, vyote nilivijifunza hivyo, midomo imefungwa, na nikafaulu. Siku ile niliifumbua. Nilijiambia kwamba hii ni Dar es Salaam, nani atajua?

Alhamisi, tarehe 19, baada ya vipindi, nilipita Mtaa wa Kongo. Wasichana watatu wa darasa langu walikuwa wakiruka kamba mbele ya kibanda cha kanga, huku wakiimba. Walipofika “yapanda, yashuka”, sauti ya mtu mzima iliwaitikia kutoka nyuma ya marobota. Haikuitikia kwa maneno yangu. Iliitikia kwa yale ya asili, neno moja tu, kisha ikakatika kama uzi.

Muuza kanga akachomoza kichwa. “Nani kawafundisha huo?”

“Mwalimu wetu, yule pale! Shikamoo, Mwalimu!”

Yule mwanamke alinitazama tangu kilemba hadi viatu. “Kwenu wapi, Mwalimu?”

Nilimtajia.

“Basi hujakosea kwa kutojua,” akasema, akarudi nyuma ya marobota yake.

Kesho yake alikuja shuleni pamoja na kungwi wake, ajuza wa Magomeni ambaye wote walimwita Bibi. Walimweleza mwalimu mkuu, mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wangu, kwamba ninafundisha unyago darasani, wavulana na wasichana pamoja. Mwalimu mkuu aliniita akanisomea maneno hayo yakiwa yameshaandikwa. Shauri litakwenda kwenye kamati ya shule, na likithibitika, jalada langu litapelekwa kwa afisa elimu.

Tangu hapo sikula nikashiba. Kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa, niligeuka kutazama nani anakuja. Niliwakataza watoto kuimba. Wakaimba zaidi, foleni nzima bombani. “Yapanda, yashuka!” Nami nilisimama kando nikitabasamu kwa meno tu.

Kamati ilikaa Jumatano, tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi: wanaume watano, mwalimu mkuu, mama mmoja mjumbe, na walalamikaji wawili. Mwenyekiti, muuza vyombo wa jumla, alitaka ushahidi.

“Tuimbiwe, tuhukumu.”

Bibi alikunja mikono.

“Hauimbwi mbele yenu.”

“Sasa Bibi, tutajuaje?”

“Hamtajua. Ndiyo maana yake.”

Wakacheka. Niliona mlango wa kutokea ulivyo wazi: ningenyamaza tu, nao wangekosa ushahidi. Badala yake nilisimama, nikayasoma maneno yangu bila mahadhi, kama tangazo.

“Mbona hii mvua tu?” akauliza mwenyekiti. “Kosa liko wapi?”

“Liko kooni mwake,” akajibu Bibi. “Kwenye karatasi hulioni. Tokeni kidogo, baba zangu.”

Walitoka. Walisimama barazani, manyunyu yakiwarukia, nasi tukabaki wanawake watano. Muuza kanga hakungoja. “Mwalimu wa sayansi! Elimu ya wazungu unaisomea cheti, ya mama zako unaigawa barabarani?”

“Mwache,” akasema Bibi. Kisha akaniuliza, polepole, “Uliapa?”

“Niliapa, Bibi.”

“Ukavunja?”

Tangu nimzike mume wangu sikuwahi kumpigia mtu magoti. Niliyapiga pale, juu ya sakafu ya saruji, gauni langu la kazi likiwa limepigwa pasi. “Nimevunja. Nilitaka waelewe. Nihukumuni ninyi, msinipeleke kwa afisa.”

Nje wanaume walikuwa wakizungumzia bei ya masufuria.

“Maneno baki nayo,” akasema Bibi. “Sauti irudishe. Kabla ya Ijumaa wawe wanaimba kwa nyingine, na utaniletea doti ya kanga Magomeni, uje kwa miguu yako.”

Wanaume waliitwa. Mwalimu mkuu, ambaye ndiye katibu wa kamati, aliandika kwamba shauri limekwisha, wimbo utabadilishwa mahadhi, na jalada halitapelekwa popote. Nilitia saini upesi, kabla mtu hajabadili nia. Mwalimu mkuu aliilinganisha na ile iliyomo katika jalada langu, akanirudishia kalamu kwa upole.

“Mama, tia tena. Hii haifanani.”