Mkalimani Hajakaa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa joto la mabati na kwa moshi wa kiwanda uliokuwa umeshuka juu ya cité tangu asubuhi. Nilikuwa bado mwanamke kijana, mjane mpya, nguo nyeusi mwilini na moto rohoni. Moto wenyewe nikikueleza leo utacheka. Usicheke. Weka simu yako chini kwanza, maana jana kwenye kikao cha ukoo nilikuona ukimrukia baba yako mdogo kwa maneno, wazee hata hawajasikia alichosema. Nikajisemea, ee, huyu kweli ni damu yangu. Basi leo sikiliza.

Mji wetu wakati huo uliitwa Elisabethville, na sisi weusi tulikaa cité, mtaa uliotengwa na wa wazungu. Mume wangu, Monga, alikuwa fundi wa reli. Msimu wa baridi alishikwa na kifua, hakuamka tena. Aliniacha na watoto wawili na nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe, kila jioni akitoka kazini, mimi nikimpitishia maji ya udongo. Sasa elewa jambo moja: zamani zile kiwanja kiliandikwa kwa jina la mwanaume. Mwanaume akifa, watu wanatafuta mwanaume mwingine wa kuandikwa. Hakuna aliyefikiria kuandika mwanamke, hata yule aliyepitisha udongo.

Matanga hayajaisha vizuri, akafika Kalenga, mdogo wake Monga, kutoka Pweto. Akaja na mke, vitanda, na mizigo ya samaki wakavu, akakamata chumba cha mbele. Alikuja pia na mama yao mzazi, mama mkwe wangu, Mama Ngoie. Mimi na watoto tukasukumwa mpaka jikoni, kile kibanda cha nyuma, tukilala karibu na majivu. Mtoto wangu mdogo akaanza kukohoa kama baba yake. Kila nikisikia kile kikohozi, nilikuwa naona jeneza.

Kalenga akapeleka maombi kwenye baraza la cité, nyumba iandikwe jina lake. Baraza lilikaa mara moja tu kwa mwezi. Kama jambo letu lisingeamuliwa siku ile, ingekuwa mwezi mwingine jikoni, na mtaani walishaanza kusema kwamba mwenye kulala chumba cha mbele ndiye mwenye nyumba.

Kuhusu mama mkwe, nikwambie ukweli. Nilimchukia. Tangu afike hakuwa amekula chakula cha mkono wangu, wala hakuniuliza mwanawe alikufa vipi. Alikaa tu kwenye mkeka, anaangalia ukuta. Nikasema basi, huyu na Kalenga ni kitu kimoja, wamekuja kunimaliza.

Siku ya baraza nilisindikizwa na jirani yangu, Mama Feza. Alikuwa mtu wa Maniema, mke wa fundi cherehani, mwanamke wa sala na wa maneno machache, ila hayo machache yalikuwa na pilipili. Yeye alishapita sana barazani, kwa mambo ya meza za soko. Njiani akaniuliza kama nimekula. Nikasema sina njaa. Akanipa muhogo wa kuchoma, akanisimamia mpaka nikaumaliza. Mtu mwenye njaa, akasema, anaongea na tumbo.

Ngoja nikueleze baraza lile lilivyokuwa, maana hapo ndipo penye mafundisho. Katikati alikaa shefu, mkuu wa cité, mweusi kama sisi. Pembeni wajumbe na makoti yao. Mwisho wa meza, mzungu wa serikali, kofia yake imelazwa mbele yake. Sisi wenye mashauri tulikaa kwenye mabenchi ya nyuma, na watu wengine walijaa madirishani. Karani alikuwa na ordre du jour, yaani mpango wa mambo ya siku ile, na alisoma kila jambo kwa Kifaransa. Halafu mkalimani, mzee mwembamba mwenye tai iliyochakaa, anasimama na kulisema kwa Kiswahili ili wote wasikie. Akimaliza, shefu anauliza kama kuna mwenye neno. Majibu yakishatolewa, mkalimani anakaa, na jambo linafungwa. Ukisema kabla ya Kiswahili, unaonywa. Ukirudia, polisi anakutoa nje, na shauri lako linaendelea bila wewe.

Sasa mimi nilikuwa na ugonjwa mmoja: Kifaransa nilikisikia. Nilijifunza kwa masista, kwenye shule ya kushona, sindano na Kifaransa pamoja. Kumbe kusikia mapema nako kuna taabu yake. Maneno yananifikia mimi, lakini benchi zima bado limekaa kimya halijui kitu.

Wakaanza na mbwa. Mwanangu, mbwa! Mbwa wanaozurura cité wafanywe nini. Mjumbe mmoja alikuwa ameumwa, akasimama kuonyesha mguu. Wakaja kwenye baiskeli zisizo na namba. Wakaja kwenye bomba la maji la mtaa wa juu, nani analichunga, nani analivunja. Kila jambo kwa Kifaransa, kila jambo kwa Kiswahili, na jua linapanda. Jambo langu lilikuwa la mwisho kabisa, na king'ora cha kiwanda kikilia adhuhuri, mzungu huchukua kofia yake na baraza limekwisha. Nilikuwa nageuza kichwa kuangalia kivuli cha mlango jinsi kinavyofupika.

Walipofika kwenye pombe ya wanawake wanaopika karibu na shule, mjumbe mmoja akasema kwa Kifaransa kwamba wajane ndio wanaoharibu cité. Huyo mjumbe alikuwa rafiki wa Kalenga, walikunywa pamoja. Mkalimani hajafungua mdomo, mimi niko juu. Nikasema kwa sauti kwamba hata mjane ana macho. Watu wakageuka, hawajui ninajibu nini. Walimwona tu mwanamke wa nguo nyeusi anabwata peke yake kama mwenye kichaa. Shefu akanionya. Polisi akasogea karibu na benchi letu, akabaki hapo.

Mama Feza hakuniangalia. Alikamata kitenge changu kiunoni, akakizungusha mkononi mwake kama kamba ya mbuzi.

"Sikia, mwana," akasema polepole. "Weye unajibu maneno yenye bantu habayasikia. Batakutosha inje, na hakuna mwenye atajua juu ya nini. Angalia miguu ya mukalimani. Kama angali anasimama, jambo haiyaisha. Ikala."

Nikakaa, lakini si kwa heshima. Nilikaa kwa sababu kitenge kilikuwa mkononi mwake, na ningesimama ningebaki uchi mbele ya serikali.

Pombe ikaisha. Kivuli kikafika kizingitini. Shefu akamwangalia mzungu, mzungu akaangalia saa, na yule rafiki wa Kalenga akaomba kusema. Alisema kwa Kifaransa kwamba jambo lililobaki ni dogo, ndugu wote wameshakubaliana, hata mama wa marehemu yupo hapa kushuhudia. Karani alisome tu, lipite. Shefu akakubali kwa kichwa.

Karani akasoma haraka, na kila neno nililisikia. Kiwanja cha marehemu Monga kiende kwa ndugu yake Kalenga. Mjane arudishwe kwa watu wake. Watoto wabaki kwa ukoo wa baba.

Watoto! Mambo ya watoto hakuna aliyeniambia. Niliona giza. Nikamtazama mama mkwe kwenye benchi la mbele, amekaa kando ya Kalenga, ametulia kama mtu aliyeshiba, na neno likanijia mpaka kwenye meno. Nikasimama nusu. Kitenge kikanivuta. Polisi akanyoosha mkono. Na hapohapo king'ora kikalia.

Nadhani hujawahi kusikia king'ora kile. Kilijaza mji mzima, mtu haelewani na aliye pembeni yake. Mzungu akachukua kofia. Wajumbe wakaanza kukusanya makoti. Rafiki wa Kalenga alimwinamia shefu, naona mdomo wake unacheza, na ishara ya mkono inasema yamekwisha, twende. Kalenga akatabasamu. Nikasema moyoni, watoto wangu wamekwenda.

"Miguu," Mama Feza akaninong'oneza sikioni.

Nikaangalia. Mkalimani alikuwa amesimama. Watu wanainuka, viti vinaburuzwa, yeye yuko palepale, mikono mgongoni, anangoja kelele ziishe. Hakupinga, hakuinua mkono. Alisimama tu mahali pake pa kusimama. Shefu alimwona. Mzungu naye alimwona, na kofia yake ikabaki mkononi. Jambo lililoanza kusomwa kabla ya king'ora lilikuwa halijasemwa lote, na kila mtu mle ndani alijua. King'ora kikafa. Shefu akavuta pumzi, akamwambia aseme.

Mzee yule hakuongeza kitu wala hakupunguza. Alisema kwa Kiswahili, polepole, mpaka wa dirishani wakasikia: Kalenga anaomba nyumba ya ndugu yake. Anaomba mke wa ndugu yake afukuzwe arudi kwao. Anaomba watoto watolewe kwa mama yao.

Shefu akauliza kama kuna mwenye neno. Mama Feza akaachia kitenge changu, sasa niko huru, nami nikainama kukifunga upya.

Aliyesimama alikuwa mama mkwe. Alisimama kwa shida, kwa kushika bega la Kalenga, halafu akaondoa mkono wake kwenye bega lile kama mtu aliyegusa chungu cha moto.

"Ni miye nilibazala bote babili," akasema. "Huyu aliniambia tunakuya kuandikisha nyumba ya batoto ba Monga. Kufukuza mama yabo, sikuyasikia. Leo njo ninasikia." Akamgeukia Kalenga. "Monga angali ananililia mu tumbo, na weye unamuzika mara ya pili?"

Kalenga aliangalia viatu vyake. Madirishani wanawake walianza kulia, na kuna mwanaume alitema mate chini. Baraza likaamua nyumba ya Monga ni ya watoto wa Monga, na mama yao akae humo awalee. Mkalimani akalisema hilo nalo kwa Kiswahili. Ndipo akakaa.

Jioni ile ile Kalenga alifunga mizigo. Mama mkwe hakumfuata. Aliingia chumba cha mbele, akatandika mkeka wake, akaomba ugali, akaula kutoka mkononi mwangu. Akaniambia mila yao ilimkataza kula kwa mjane wa mwanawe mpaka matanga yafungwe, nayo ameyafunga leo, na kwamba alikuwa anaogopa kuniuliza Monga alikufa vipi kwa sababu angelia asinyamaze. Tulilia wote mpaka watoto wakashtuka. Alikaa na mimi mpaka kufa kwake, na ndiye aliyemlea babu yako, yule mtoto wa kikohozi.

Sasa nikwambie neno lililokuwa kwenye meno yangu wakati Mama Feza ananivuta. Nilitaka kumwita mchawi. Mbele ya cité nzima, nilitaka kusema Mama Ngoie ndiye aliyemroga mwanawe. Lingetoka, mwanangu, ningetupwa nje, na mdomo pekee uliokuwa na nguvu ya kuniokoa ungefungwa na mimi mwenyewe. Ulimi hauna mfupa, lakini ungevunja nyumba hii unayokaa.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukisikia jambo kabla ya wenzako, usidhani kuwa nao wamesikia. Usiwahi kulijibu peke yako. Acha lisemwe wazi, kwa lugha ya wote, mpaka yule wa nyuma kabisa alipate. Watu wengi unaowadhani adui zako hawajaambiwa tu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na kesho uende kwa baba yako mdogo, ukae, umwache aseme mpaka mwisho. Kama ana kosa, wazee watalisikia kwa masikio yao.

Mungu akupe masikio marefu na ulimi mzito. Akuwekee pembeni, siku ya hasira yako, mtu wa kukamata nguo yako. Na nyumba hii isikuone ukitoka kwa kufukuzwa, wala ukimfukuza mwingine. Haya, nenda ukaniletee maji.